Wauza Stima Watuonyeshe Hezi, Si Volti Pekee

Mhariri amenipa kurasa hizi nami sitaki kuzimaliza kwa salamu. Nasema waziwazi tangu mwanzo: wenye jenereta wanaotuuzia stima hapa Dagahaley wanapaswa kutundika kipimo cha hezi mahali ambapo mteja anakiona, kando ya kile cha volti. Wasipofanya hivyo tutaendelea kununua friji, feni na pampu na kuzizika moja baada ya nyingine, huku tukilaumu viwanda vya Uchina, jua la North Eastern, na wengine hata jicho la hasidi.

Najua kuna wenzangu watakaouliza, hezi ni mdudu gani tena? Jina lilitokana na Heinrich Hertz, mwanafizikia Mjerumani wa karne ya 19. Ndugu msomaji, umeme unaotoka kwenye soketi hauendi upande mmoja tu kama ule wa betri ya tochi. Huenda mbele, ukarudi nyuma, kisha ukaanza tena. Kwenda na kurudi mara moja ni mzunguko mmoja. Stima ya Kenya hufanya mizunguko 50 kila sekunde, na ndizo tunazoziita hezi 50. Ya Marekani hufanya 60. Vitabu huliita jambo hili masafa. Volti ni nguvu ya kusukuma. Hezi ni wepesi wa kugeuka. Anayekutajia volti peke yake ni kama amekueleza ukubwa wa ngoma bila kukueleza mwendo wa mapigo yake.

Sasa hezi hutoka wapi? Kwa jenereta, hutoka kwenye mwendo wa injini, basi. Jenereta nyingi za dizeli zina ncha nne za sumaku, yaani jozi mbili, na injini yake hutakiwa kuzunguka mara 1500 kwa dakika. Zidisha 1500 kwa 2, ugawe kwa sekunde 60, utapata 50 kamili. Injini ikichoka ikashuka hadi 1300, fanya hesabu ile ile: 43. Hakuna uchawi wala njia ya mkato. Ndani yake kuna kifaa kinachoitwa gavana (si yule wa kule Garissa mjini), na kazi yake ni kuongeza dizeli mzigo unapozidi ili mwendo usianguke. Lakini injini ikibebeshwa vibanda vingi kuliko kifua chake, gavana hufika mwisho wa uwezo wake na mwendo huanguka vivyo hivyo. Tena kuna wenye mashine wanaoshusha mwendo kwa kusudi, ili dizeli ifike mbali zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Injini ikipunguza mwendo, volti nazo zingepungua, taa zingefifia, na kila mtu angepiga kelele. Lakini jenereta ina kisanduku kidogo cha kudhibiti volti. Kikiona volti zinashuka, hicho huongeza nguvu ya sumaku ndani mpaka volti zirudi pale pale. Visanduku vilivyo bora vimeundwa kukataa kazi hiyo: mwendo ukishuka mno, huziacha volti zishuke pamoja nao ili kulinda mashine. Hata hivyo fundi anaweza kugeuza skrubu ya ulinzi huo ili taa zisififie. Kwa hiyo mshale ubaoni unasema 240, mwenye jenereta anautazama na kutabasamu, na mteja naye anaondoka ameridhika. Kumbe hezi ziko chini kabisa.

Jioni moja mwezi wa Machi nilipima mwenyewe kwa multimita ya shule, ile yenye kitufe cha hezi, mwalimu wa fizikia akiwa ameniruhusu kuondoka nayo. Nilipima kwenye soketi ya duka la shangazi yangu, ambaye huuza soda, juisi na maji baridi sokoni. Saa moja usiku, wakati kila kibanda kimewasha, nilisoma volti 236. Safi kabisa! Nikageuza kitufe: hezi 44. Nikarudia kesho yake saa nne asubuhi, wateja wakiwa wachache, nikapata 49. Kwa hivyo si kwamba mashine haiwezi. Inaweza ikiwa na mzigo wa haki.

Friji ya shangazi ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikufa kompresa. Fundi aliifungua mota mbele yetu, nyaya zikawa nyeusi kama mkaa na zinanuka. Siwezi kuapa kwamba hezi peke yake ndizo zilizoua, maana joto la huku halina huruma na friji yenyewe ilikuwa mtumba. Lakini alipoenda kulalamika aliambiwa na muuza stima kwamba volti zake ni sawa, friji ndiyo mbovu, akanunue stabilaiza. Akanunua. Stabilaiza ni kifaa kizuri kwa kazi yake, nayo kazi yake ni volti. Haigusi hezi hata chembe. Ukiipa hezi 44 inakupa hezi 44, na transfoma iliyo ndani yake yenyewe inaungua polepole kwa ugonjwa ule ule. Shangazi alilipia dawa ya tumbo ilhali ugonjwa ni wa kifua.

Niueleze ugonjwa wenyewe. Mota ya friji, feni au pampu ina chuma kilichozungushiwa nyaya. Umeme ukipita, chuma huwa sumaku. Umeme ukigeuka, sumaku nayo inageuka. Hezi zikipungua, kila mzunguko huchukua muda mrefu zaidi, hivyo volti husukuma upande mmoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya kugeuka. Chuma hujaa sumaku kama jerikeni iliyojaa maji, na maji yanayozidi humwagika. Kinachomwagika hapa ni mkondo mkubwa wa umeme usiofanya kazi yoyote ila kupasha nyaya joto. Kipimo chake ni rahisi: gawa volti kwa hezi. Mota ya Kenya imeundwa kwa 240 kwa 50, yaani 4.8. Pale dukani nilipata 236 kwa 44, karibu 5.4. Chuma kinabebeshwa sumaku zaidi kwa asilimia 12 hivi ya kiwango chake. Wakati huo huo mota inazunguka polepole, feni inatoa upepo haba, kompresa inavuta gesi kidogo, na gesi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuipoza. Friji haifikii baridi iliyowekewa, kwa hiyo haizimiki. Inafanya kazi usiku mzima bila kupumzika, ikiwa imechemka.

Mbona basi watu hawaandamani? Kwa sababu vifaa havifanani, na hili ndilo linalotugawa. Pasi na birika la umeme havijali hezi hata kidogo. Ni waya unaopata joto tu, uende mbele uende nyuma ni mamoja. Balbu ya zamani ya waya ni hivyo hivyo. Chaja ya simu, televisheni ya kisasa na balbu za LED huugeuza umeme kuwa wa njia moja kabla ya kuutumia, na chaja nyingi zimeandikwa ubavuni kabisa 50/60. Mwenye simu na taa mbili anakwambia stima ya fulani ni nzuri sana, na hasemi uongo. Mwenye friji na mwenye feni wanalia, nao hawasemi uongo. Kisha wanagombana wao kwa wao, wa taa akimwambia wa friji kwamba ana wivu wa kibiashara! Muuza stima yuko kando anakunywa shaah yake.

Nisiwe wa upande mmoja. Si mashine zote zinazoharibika kwa kosa la jenereta. Kuna nyingine tunazojiletea. Ndugu zetu walioko Saudia hutuma mizigo, na mizigo hiyo hupendwa kwa sababu plagi ya Saudia ina miguu mitatu kama ya Kenya na inaingia sawasawa. Hapo ndipo mtego ulipo. Saudia hutumia hezi 60. Dubai na Oman hutumia 50 kama sisi. Kwa hiyo friji ya Dubai na friji ya Jeddah zinaweza kuwa na rangi moja, plagi moja, na volti zinazokaribiana, lakini moja itaishi na nyingine itaugua. Ile iliyoandikwa 220V 60Hz imeundwa kwa 220 kwa 60, yaani chini kidogo ya 3.7. Ichomeke kwenye 240 kwa 50 uone: 4.8. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 31! Na hapo jenereta haina kosa lolote, hezi zimenyooka 50. Sasa fikiria friji hiyo hiyo saa moja usiku hezi zikiwa 44. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujatoa pesa. Kikisema 50Hz au 50/60Hz, nunua. Kikisema 60Hz pekee na ndani kuna mota, mwachie mwenyewe.

Mashine za kunyolea za Marekani ni kisa kingine, nami hukipenda kwa sababu unaweza kukisikia kwa masikio. Zile za sumaku zinazolia mrrrr hazina mota ya kuzunguka. Wembe hurushwa na sumaku mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Kwa hezi 60 ni mara 7200 kwa dakika, na springi yake imepimwa kwa mwendo huo. Ikifika huku, kinyozi hununua transfoma ya kushusha volti kutoka 240 hadi 110 na kudhani amemaliza. Transfoma haibadilishi hezi. Wembe sasa unakwenda mara 6000, springi haiko tayari kwa mwendo huo, mashine inagonga tatatata na kuvuta nywele badala ya kuzikata. Ubavuni kuna skrubu ndogo ya kurekebisha jambo hili, geuza taratibu mpaka kelele iishe. Vinyozi wajuzi wanaijua. Lakini jioni, hezi zikishuka hadi 44, skrubu uliyoirekebisha mchana haina maana tena. Wavulana wa shule hii mnaonyolewa jioni, mmeshaelewa kwa nini mnatoka machozi yakiwalenga.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo ya kambini. La hasha. Ulaya, kuanzia katikati ya Januari 2018 hadi mapema Machi mwaka huo, saa za umeme katika nchi nyingi zilichelewa karibu dakika 6. Saa hizo, zile za kwenye majiko na redio, huhesabu mizunguko ya stima badala ya kuwa na mashine yao ya wakati. Chanzo kilikuwa mvutano baina ya Serbia na Kosovo uliosababisha umeme kupungua kwenye gridi yao ya pamoja. Masafa yalishuka kiasi kidogo mno, wastani wa hezi 49.996. Tazama hiyo namba! Wao walipoteza elfu nne za hezi moja, magazeti ya dunia nzima yakaandika. Sisi tunapoteza hezi sita kila jioni.

Na hapa kwetu Kenya nani amesahau tumbili wa Gitaru? Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana huu huu unaopita Garissa, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikaelemewa na mzigo nayo ikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. (Tumbili alipona.) Ndivyo gridi inavyokuwa: mzigo ukizidi nguvu ya mitambo, mitambo hupunguza mwendo, masafa huanguka, na yakifika kiwango fulani mitambo hujizima yenyewe isije ikavunjika. Yaani mashine kubwa za taifa huona afadhali giza kuliko kuendelea kutoa hezi mbovu. Jenereta ya sokoni kwetu haina haya hiyo.

Nilimfuata muuza stima mmoja, sitamtaja, nikiwa na daftari langu la vipimo. Alinisikiliza kwa adabu, lazima niseme hivyo. Kisha akasema, "Adeer, mimi nauza stima, siuzi hesabu." Akaniambia dizeli inatoka Garissa, karibu kilomita mia moja mpaka Dadaab kwa barabara ya mchanga, halafu bado haijafika huku. Akaniambia mvua ikinyesha lori linakwama na bei inapanda. Akaniambia pia kwamba akikataa wateja wapya, mwenzake atawachukua. Yote kweli. Aliongeza kwamba akishusha mwendo feni zinakula kidogo, na hapo pia hesabu iko upande wake: nguvu inayotumiwa na feni hushuka haraka kuliko mwendo wake. Mwendo ukiwa asilimia 88, feni hudai karibu asilimia 68 tu ya nguvu ya kawaida. Dizeli anaokoa, sikatai.

Lakini anaiokoa kwa mfuko wa nani? Hatulipi kwa mita. Tunalipa kwa idadi ya vifaa, taa kiasi hiki, friji kiasi hiki, kila mwezi. Ada ya friji ya hezi 44 ni ile ile ya friji ya hezi 50. Muuza maziwa akiongeza maji tunamwambia mwizi hadharani, kwa sababu tunaonja. Hezi hatuzionji, ndiyo maana nataka kipimo.

Kuna rafiki yangu wa kidato cha nne aliyenipinga kwa hoja nzuri. Alisema, visima vya kambi vina paneli za jua, na pampu zake hukimbia kwa masafa yanayopanda na kushuka siku nzima. Asubuhi jua likiwa changa pampu inakwenda polepole, adhuhuri inakwenda kasi. Mbona haziungui? Swali hili lilinikosesha usingizi siku mbili, nikamwendea mwalimu. Jibu liko kwenye ule mgao wa volti kwa hezi. Kifaa kinachoendesha pampu ya jua hushusha vyote viwili kwa pamoja. Hezi zikiwa 40, volti nazo hupunguzwa hadi nne ya tano, kwa hiyo chuma hakizidiwi. Pampu inachoka lakini haiungui, na masafa yakishuka sana inashindwa tu kuinua maji kutoka kule chini, ndiyo sababu bomba la asubuhi na mapema hutoa kidogo. Basi masafa madogo si sumu yenyewe. Sumu ni masafa kushuka huku volti zikishikiliwa juu kwa lazima ili mteja asijue.

Ninachodai si kikubwa. Simwambii mtu anunue jenereta mpya. Kipimo cha hezi ni kitu kidogo cha kufungwa kwenye ubao wa swichi, na jenereta nyingi zilikuja nacho kiwandani, kikaharibika kisirudishwe. Kifungwe upande unaotazama njia, si ndani ya kibanda cha mashine penye giza na moshi. Hezi zikiwa chini ya 48, mwenye friji awe na haki ya kuchomoa na kukatiwa pesa ya jioni hiyo. Fundi asiruhusiwe kulegeza ulinzi wa kisanduku cha volti. Taa zikififia, ziache zifife, ndiyo njia ya injini kusema imezidiwa. Na wazee wa soko ambao husuluhisha kesi za deni na za mbuzi waikubali namba ya kipimo kuwa ushahidi, badala ya neno la muuzaji dhidi ya neno la mama wa juisi.

Wakati huu tunapongoja, multimita ya shule iko kwenye kabati la maabara. Mwalimu amekubali nitoke nayo Jumamosi baada ya saa nane mchana, tena saa moja usiku nikiwa na mtu mzima. Mwenye friji nyumbani au dukani anione darasani aandikishe jina la bloki yake. Namba nitazibandika kwenye ubao wa matangazo, tarehe na saa, bila majina ya wenye jenereta kwa mwezi wa kwanza.